Mapaa Meupe na Usingizi wa Mchana

Mgeni rasmi, Citoyen, mwananchi mwenzetu, Kamishna wa Zone yetu, umewahi kulala mchana chini ya bati, mwezi wa kumi, na usiku unangojwa tena mgodini?

KARIBU

Tunauliza kwa heshima. Karibu kwetu, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, huku karibu na Musonoi. Wakubwa wengine hupita na vumbi lao. Wewe umeshuka garini, ukatushika mkono sisi wamama, hata wakambo, bibi wenye wajukuu. Asante sana.

TULIKOTOKA

Nyumba zetu ni za tofali na bati, na tunashukuru kuwa nazo. Lakini bati likishika jua, ndani ni tanuru la mkate. Umeme unapita juu yetu tu, unaenda mgodini. Tata Kabeya, mtu wa zamu ya usiku, alikuwa akirudi asubuhi, anasinzia kidogo, anaamka ameloa jasho. Mke wake, Mama Mbelu, alimpepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukafa ganzi.

Usiku mmoja Tata Kabeya alisinzia kazini, kando ya mkanda unaobeba mawe ya shaba. Wenzake walimvuta kwa koti. Nyumbani Mbelu aliona koti limechanika mgongoni, akaenda kuwauliza wale wenzake wa kazi. Tangu hapo hata yeye hakulala.

TULICHOFANYA

Mbelu alikuwa amegusa ukuta wa shule saa sita mchana: penye chokaa palikuwa baridi. Akawaza, je, chokaa ikipanda juu ya bati? Shefu wa kambi alimpa mabaki ya chokaa ya shule, Mungu amlipe. Ili ishike, Mbelu akaichanganya na uji wa unga wa muhogo, unga ule ule wa bukari, ugali wetu. Kumbe! Asubuhi kunguru wa kambi nzima wakashuka kula paa, ko-ko-ko juu ya kichwa cha Tata Kabeya. Akatoka na ufagio:

"Weye Mama Mbelu, umepikia ndege bukari mu paa?"

"Lala, tata. Bakishiba batakwenda."

Hawakushiba. Mbelu akaosha bati, akapaka upya kwa chokaa, chumvi na sabuni. Kunguru wakaonja, wakaenda zao. Siku hiyo Tata Kabeya alilala mpaka jua likashuka. Mbelu aliogopa, akaingia kusikiliza kama anapumua. Alikuwa anakoroma! Majirani tuliposikia ule mkoromo, tukaja na ndoo zetu.

MAGUMU

Mvua huosha chokaa. Tunapaka tena, si neno. Gumu ni hili: tumeambiwa kambi imekuwa na madoa kama kanga, tuparue chokaa yote kabla ya sikukuu ya ishirini na nne Novemba, siku Rais aliposhika nchi, ili maandamano yapite penye mapaa ya rangi moja. Hatumsemi mtu vibaya. Sikukuu tunaipenda, na vitenge tumekwisha kushona.

OMBI

Tulipokaa kuandika, huyu alitaka ngazi, yule burashi, mwingine lori zima la chokaa. Mama Mbelu kila tukimuuliza: "Mi niko bien, sina neno." Leo asubuhi ndipo ametuomba neno lake lisomwe mwisho.

Mungu akufikishe salama, nyumba yako iwe na ubaridi na usingizi wako uwe mtamu. Ni sisi, Wamama wa Mapaa Meupe, kwa mkono wa Kambo Ngalula.

Na Mama Mbelu, yule aliyesimama pale, anasema hivi: "Citoyen, mi sitaki kitu kipya. Muniachie bati yangu nyeupe. Nataka bwana yangu alale."