Salamu Mbele ya Dalali

Tulikuwa tumeshapita mashamba ya mkonge, karibu na Mwatate, mwanamke wa kiti cha mbele yangu kwenye matatu alipomwambia mzee wa kofia aliyekaa naye, "Dalali hataki kupeleka ofa yangu kwa mwenye nyumba. Mara mwenyewe amesafiri, mara kuna mteja mwingine."

"Huyo mteja hayupo, mwanangu. Dalali ashajua huwezi kuiacha nyumba hiyo, anangoja uongeze bei. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Ni nyumba ya marehemu mama, kaka yangu aliiuza, na sasa inauzwa tena. Siku ya kuonyeshwa, nilipoingia tu bomani, nilienda kaburini kumsalimia."

"Dalali akikuona?"

"Akiniona."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapo ndipo ulipoharibu. Ungejifanya mgeni, ukague mabati, ulalamikie maji." Aliongea kama mtu aliyeuza nyumba nyingi, na sikumpenda.

Gari likasimama Mwatate. Mwanamke akajifunga leso, akasimama. "Mzee, wewe ungempita mamako hivi hivi, kama humjui?"

Akashuka, nami nikashuka nyuma yake. Mzee alikuwa anaenda Taveta, na nilipofika chini nilimwona dirishani, amevua kofia.