Mchakamchaka wa Johari

SELEMANI: Haloo! Kamati ya Sherehe hapa, Mtwara. Nani anaongea?

BWANAHERI: Haloo? Selemani? Mimi mjomba wako, Bwanaheri. Niko posta hapa Mikindani.

SELEMANI: Aaa... Ndugu Bwanaheri. Habari za huko?

BWANAHERI: Siku hizi mjomba haamkiwi?

SELEMANI: Ofisini pana wageni. Hapa mimi ni Ndugu Katibu. Sema upesi.

BWANAHERI: Haya, Ndugu Katibu. Nimepiga kwa ajili ya Johari, yule farasi. Leo asubuhi mgambo wako—

SELEMANI: Wamefika? Safi sana! Nilimwambia Kamanda Filipo awahi. Umeona kazi inavyofanywa? Wewe wiki mbili nzima unamtembeza tu, utadhani unamsindikiza bibi harusi.

BWANAHERI: Nisikilize basi. Leo asubuhi—

SELEMANI: Nisikilize wewe kwanza. Saba Saba imebaki wiki tatu. Ratiba imeshachapwa: Katibu ataingia uwanjani juu ya farasi. Mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam. Sasa unataka niingie juu ya nini, mbuzi?

BWANAHERI: Barua yangu uliisoma?

SELEMANI: Kurasa nne! Kurasa nne nzima za kumzungumzia mnyama! Tuna sherehe ya mkoa hapa, wewe unaniandikia habari za kwato.

BWANAHERI: Aliandika mwalimu Sharifa, mimi nilikuwa nasema. Na kwato ndiyo mwanzo. Farasi kakaa miaka saba kijijini, tangu mzungu wa mkonge aondoke. Hapandwi, hakimbizwi, anashinda mikoroshoni anakula mabibo na maganda ya muhogo. Tumbo limeshuka, mgongo laini. Huyo hata—

SELEMANI: Mnene. Ndiyo. Kwa hiyo akimbizwe apungue.

[mkwaruzo]

BWANAHERI: Haloo? Haloo?

SELEMANI: Nipo! Sema.

BWANAHERI: Nilikwambia wiki sita. Ya kwanza kutembea tu, anaongozwa kwa kamba, asubuhi kabla jua halijachoma. Akihema, unasimama. Ya pili kutembea tena, ila kwenye kilima. Ya tatu unamvika tandiko tupu, ngozi izoee isichubuke. Ya nne ndiyo mbio ndogo, dakika tano, basi. Mtu hapandi mpaka—

SELEMANI: [anacheka] Wiki sita! Mgambo wanaletwa hapa na vitambi vyao, siku ya kumi wanatoka Ziwani hadi Likombe mbio, na nyimbo wanaimba. Na hao wana miguu miwili tu!

BWANAHERI: Ndiyo ukatoa amri, farasi aingie mchakamchaka.

SELEMANI: Nikatoa. Mstari mmoja. Si kurasa nne.

BWANAHERI: Nimesomewa huo mstari wako. “Mnyama akimbie na wenzake hadi awe mkakamavu.” Wenzake! Filipo mwenyewe alisoma huku anaona haya.

SELEMANI: Filipo haoni haya, Filipo anatii. Na wewe ungejifunza hivyo hivyo. Miaka yote ulikuwa mchunga farasi wa mzungu, unazoa mavi yake, leo unataka kuifundisha kamati?

BWANAHERI: Nilizoa, ndiyo. Ila wewe, Selemani, ngazi nne za ofisi yako unazipanda kwa kupumzika mara mbili. Wewe nani alikutia mchakamchaka?

SELEMANI: Angalia maneno yako! Hii simu ya serikali.

BWANAHERI: Simu yangu hii, nimeilipia mimi. Na Anna wa posta keshaanza kunionyesha saa.

SELEMANI: Basi malizia. Tena nina taabu zangu. Fundi kanishonea mabuti ya kupandia farasi, la kulia linabana vibaya, pale kwenye kovu. Nikilivaa nusu saa mguu unakufa ganzi.

BWANAHERI: Kovu la nyoka.

SELEMANI: Hilo hilo. Haya, niambie, alikimbiaje? Walimfikisha Likombe?

BWANAHERI: Walimfikisha.

SELEMANI: Umeona! Umeona sasa! Wiki sita, wiki sita... Likombe siku moja!

BWANAHERI: Niliwaomba, Selemani. Niliishika kamba nikawaambia nyinyi tangulieni, mimi nitamleta mdogo mdogo. Wakaninyang'anya. Wawili mbele wanavuta, watatu nyuma na fimbo, na nyimbo juu. Mimi nakimbia nyuma yao, umri huu. Kufika kwenye mikorosho ya mwanzo ya Likombe akasimama mwenyewe. Povu mdomoni, jasho jeupe mapajani. Nikasema mwacheni apumue. Filipo akasema amri ni hadi uwanja wa Likombe.

SELEMANI: Sawa, kachoka. Kila kuruta huchoka siku ya kwanza. Kesho—

BWANAHERI: Hakuna kesho. Johari amekufa.

[mkwaruzo]

SELEMANI: Unasema?

BWANAHERI: Amekufa. Alipiga magoti ya mbele kwanza, kama anataka mtu ampande. Halafu akalala ubavu. Tumemfukia pale pale kando ya barabara. Wamechimba hao hao mgambo wako, na hakuna aliyeimba.

SELEMANI: Mmemfukia? Kwa idhini ya nani? Ile ni mali ya kijiji! Ilitakiwa ripoti, ilitakiwa bwana mifugo amwone kwanza! Mjomba, ratiba imeshachapwa! Nitaingiaje uwanjani mimi?

BWANAHERI: Astaghfirullah. Ndilo ulilonalo moyoni hilo?

SELEMANI: Mgeni rasmi ameshaambiwa—

BWANAHERI: Wiki mbili nilizomtembeza zilikuwa zimeanza kumkaa. Jana alipanda kilima bila kuhema. Ungeniachia hizi tatu, siku ya Saba Saba angekubeba, taratibu, mzunguko mmoja wa uwanja, mbele ya mgeni wako. Mimi nimeshika kamba. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu alipokubeba mara ya kwanza, nawe hukuwa na buti.

SELEMANI: Mjomba...

BWANAHERI: Nyoka amekuuma, mguu umevimba kama gogo, mama yako anakulilia kama maiti. Sikumwomba mzungu ruhusa. Nilikufunga mgongoni mwa Johari kwa kanga ya mama yako, kutoka shambani hadi hospitali ya Mtwara. Siku hiyo alikimbia kweli, kwa kuwa alikuwa mzima, ametunzwa. Daktari akasema mngechelewa kidogo tu, mtoto hana mguu, au hana roho. Hilo hukuliona kwenye kurasa nne? Ukurasa wa mwisho niliuandikisha kwa ajili hiyo.

SELEMANI: Sikufika... sikufika mwisho.

BWANAHERI: Najua.

SELEMANI: Mjomba, mimi nilidhani... watu wanakimbia, nikadhani—

BWANAHERI: Anna anasema dakika zimekwisha. Umeuliza utaingiaje uwanjani, nakujibu. Kwa miguu. Anza leo. Wiki ya kwanza kutembea tu, asubuhi, kabla jua halijachoma. Ukihema, simama. Usiruhusu mtu akuvute.

SELEMANI: Mjomba, usikate. Hawa wageni nimewatoa nje. Niko peke yangu. Haloo?

BWANAHERI: Nakusikia.

SELEMANI: Shikamoo, mjomba.

[mkwaruzo]

SELEMANI: Shikamoo, mjomba... Haloo? Bado uko hapo?

BWANAHERI: Nipo. Kwaheri, Ndugu Katibu.