Rubani wa Msimu Mmoja

Ndugu, jamaa na majirani, mliosimama kule nyuma sogeeni mpate kusikia, maana huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Bila Moshi hata wanawe wakazoea, hakupenda mambo yake yasikike nusunusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mama alikuwa akisema kwamba huyu alijua kupanda paa kabla hajajua kuomba radhi. Alianza shule ya msingi mwaka 1974, akamaliza sekondari mwaka 1985, darasani akiwa wa kawaida tu, tusimpambe kwa kuwa amelala, kisha akajiunga na chuo cha urubani na kupata leseni tarehe 30 Juni 1989.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege ndogo, akipita chini mno hadi akirudi na majani kwenye magurudumu, na huko ndiko alikozoea kona za hatari. Tarehe 12 Aprili 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa maneno machache, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1998 na 2001, na kitinda mimba wa kiume aliyezaliwa mwaka 2006, mwaka ambao hatuwezi kuupita haraka.

Mwaka huo marehemu alichaguliwa kushiriki msimu wa mashindano ya kimataifa ya mbio za ndege, ambapo kila rubani huruka peke yake akishindana na saa, akipenya katikati ya nguzo ndefu za kitambaa zilizojazwa upepo, huku ndege ikitoa moshi mweupe ili waamuzi waione njia yake, na asiyewasha moshi huongezewa sekunde moja ya adhabu. Kabla ya kila safari alifanya mazoezi sebuleni, amefumba macho, mkono wake ukiwa ndio ndege, akiinama kwenye kila kiti, na mgeni mmoja aliyemkuta hivyo aliomba maji, akanywa, akaaga. Mwezi wa Mei walimcheka kwamba ni mnyunyiza dawa, lakini hadi kufika shindano la mwisho, tarehe 18 Novemba, alikuwa akiongoza kwa pointi, na mtoto wake wa kiume, ambaye alikuwa bado hajamwona, alikuwa na siku tano. Aliruka vizuri siku hiyo kuliko siku zote, hakugusa nguzo hata moja, akatua anatabasamu, mpaka alipomwona fundi wake amejishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuwasha moshi, na sekunde ile moja ikampokonya ubingwa.

Alirudi nyumbani, akawa mkufunzi wa marubani tangu mwaka 2007, hakushindana tena, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Ilisemwa, na waliosema wamo humuhumu, kwamba kakaliwa na mkewe, kwamba mwalimu yule kamkata mbawa, na shangazi yetu aliwahi kulitamka mezani mbele ya wageni, shemeji akaendelea kupakua chakula.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Agosti 2022. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, alimwagiza mdogo wake anayesoma hapa amsomee historia hii angali na nguvu za kubishana nayo, na aliposikia kwamba aliacha mashindano kwa sababu za kifamilia, alijiinua kwenye mto akasema, "Futa hiyo. Mke wangu hakunizuia. Msimu uliofuata yeye ndiye aliyenifungia begi, akaniambia nenda kamalize kiporo chako, watoto nitawaangalia. Mimi ndiye niliyeshindwa. Siku ile, kwenye lango la kwanza la nguzo, nilikuwa namuwaza mwanangu, kidole hakikufika kwenye swichi. Ukienda mwendo ule akili ukaiacha nyumbani, leo unasahau moshi, kesho unasahau ardhi. Niliogopa. Nikaona heri niitwe mume aliyekaliwa kuliko rubani mwoga, naye akanistiri miaka yote hii. Isome hivyo, na shangazi awepo."

Shangazi yupo.

Marehemu alifariki dunia alfajiri ya tarehe 11 Machi 2024, mkewe akiwa pembeni yake, ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya figo waliomvumilia na utani wake, majirani waliomkimbiza hospitali kila alipozidiwa, na wakufunzi wenzake pamoja na wanafunzi, ambao tunaambiwa kila mmoja alikatazwa kuogopa kusema anaogopa.

Shemeji, lawama ile haikuwa yako, na leo tumeitua mbele ya watu. Kaka, umesomwa ulivyotaka. Pumzika kwa amani.