Unyayo wa Majvor

Majvor Hallberg alizaliwa kijijini kwetu Hunnebostrand tarehe 11 Machi 1957, mtoto pekee wa Arvid, fundi wa mapipa, na mkewe Elna.

Alisoma shule ya hapa hapa. Kwa mbio hakuwa na mshindani. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na mitano, mgongo ulianza kumuuma, usiku kuliko mchana. Huko hospitali ya Göteborg picha ilionyesha uvimbe ndani ya pingili ya mgongo.

Daktari mpasuaji alimwambia Majvor mwenyewe. “Uvimbe huu ukitobolewa, mbegu zake zinamwagika. Nitautoa mzima, pamoja na pingili yake, halafu niunge pengo kwa mfupa wa nyonga yako. Lakini mishipa ya miguu inapita hapo hapo. Siwezi kukuahidi kutembea.”

“Basi usiahidi, daktari,” alisema Majvor. “Wewe usifanye haraka tu.”

Alipasuliwa tarehe 3 Oktoba, asubuhi mpaka jioni. Alipozinduka, hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za miguu. Elna aliingiza mkono chini ya blanketi, akamtekenya unyayo.

“Mama, acha! Unanitekenya!”

Elna alikaa sakafuni akalia. Pingili nzima ya mgongo imetolewa, na mtoto anatekenyeka. Tuliosikia tunashangaa mpaka leo.

Majvor alipika jikoni mwa shule miaka mingi. Mpasua mawe Torgny alipomposa, alimwonya: “Mgongo wangu umeungwa-ungwa. Ujue unachochukua.”

“Nyumba yangu nayo imeungwa kwa mbao za meli iliyovunjika,” alijibu Torgny. “Mbona imesimama?”

Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1979. Kila asubuhi Torgny alimwamsha kwa kumtekenya unyayo. “Acha, wewe mzee!” Torgny aliishukuru kila “acha”.

Mwaka jana moyo wa Majvor ulichoka. Daktari kijana alipoona picha ya mgongo aliwaita wenzake: “Njooni muone kazi ya wazee wetu!” Torgny, aliyepasua mawe maisha yake yote, alipitisha kidole juu ya picha akitafuta kiungo. Hakukiona.

Majvor alifariki nyumbani tarehe 22 Januari 2025. Siku iyo hiyo asubuhi alitembea mwenyewe mpaka dirishani.

Ameacha mumewe Torgny, binti yake Lisbet, na mjukuu wake Elna, aliyerithi jina la mama yake Majvor.

Jana, kabla jeneza halijafungwa, Torgny alimvua soksi moja, akamtekenya. Kisha akamvisha tena, asipate baridi.

Mgongo ule sasa ulale. Naye Majvor apumzike kwa amani.