Tokeni za Verna Stuckenberg Zisiuzwe

Wasikilizaji wapendwa, mlimpita. Kila Jumamosi mlimpita pale kwenye ngazi za maktaba ya Arlen Creek, kisahani cha tokeni magotini, mkajifanya mnaangalia simu. Msinibishie. Niliwaona.

Verna Stuckenberg, fundi viatu, alifariki Jumapili, hapa hapa Ohio alikozaliwa. Alikusanya tokeni, vile visarafu vya zamani vya maduka ya mji huu. Za mji huu tu. Wakati wa Vita vya Kaskazini na Kusini hapa Marekani, miaka ya 1860, watu walificha sarafu za serikali, chenji ikakosekana, wenye maduka wakajigongea zao za shaba: jina la muuza nyama, la muuza bia, la mwoka mikate. Serikali ilipozipiga marufuku, zikaishia kwenye makopo ya vifungo. Humo ndimo Verna alimozitafuta.

Kaka yake, Lowell, aliniambia: "Akipata mpya ananipigia simu katikati ya chakula. 'Wee Lowell, nimempata mwoka mikate!' Utadhani jamaa alipotea sokoni."

Wakusanyaji wenzake walimcheka. Wao hushika tokeni kwa ukingo, maana shaba ikiguswa usoni inaingia doa, bei inaanguka. Verna aliwaachia watoto wazishike watakavyo. Nilikuwapo kwenye maonyesho mnunuzi mmoja alipomfokea: "Mama, unaziua hizo!"

Verna akacheka. "Kwani Huber muuza nyama, mwenye jina hapa, alikuwa anapokea kwa glavu, baba? Hebu shika na wewe, labda utapona uchoyo."

Aliiachia maktaba tokeni zote kwa sharti moja: ziguswe. Sharti moja tu. Sasa halmashauri ya mji inataka kumuuzia mfanyabiashara wa Columbus, akazifungie kwenye plastiki. Ati paa la maktaba linavuja. Paa! Hela za paa mwaka jana zilinunua taa za mapambo, na ninakumbuka nani na nani walinyoosha mikono.

Lowell, pole sana, ndugu yangu. Poleni watoto wa Verna. Tunalia nanyi.

Nanyi wasikilizaji, jiulizeni: watu waliojenga mji huu, majina yao nani atawashikisha watoto wenu? Lowell ameomba kusema kikaoni kesho, saa nne asubuhi, kabla ya kura. "Nitatetemeka," aliniambia. "Sijawahi kusema mbele za watu."

Basi asisimame peke yake. Ombeni ruhusa kazini sasa hivi. Jazeni viti vya halmashauri, jazeni na korido. Wakipiga kura ya kuuza, msitoke.