Kona ya Nyuma ya Bafu

Sogeeni wanangu, nyote wawili, na wewe kifungua mimba wangu usijibanze mlangoni kama mgeni, maana leo maneno mengi ni yako. Pumzi yangu ni kidogo, msinikate kauli.

Mnajua nimelipwa miaka ishirini na sita kung'oa magugu kwenye bustani za watu. Matajiri wangu waliniambia nichome yote, nami nikaitikia ndiyo, kisha nikatia guniani mnavu, mchicha pori na kishonanguo, nikaja kuvipanda hapo nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanapopita. Majirani walicheka wee, mpaka mkaitwa watoto wa Mama Magugu. Lakini baba yenu alipotoka kwenda kununua betri za redio, na hadi leo hajazipata, kona ile ndiyo iliyotulisha, mkala na kulamba sahani. Mvua kubwa ilipoangusha ukuta wa jirani, wetu ulisimama, kwa kuwa mizizi ya hizo mnazoita takataka ilishika udongo. Na wewe mwanangu, ulipopasuka goti, nilitafuna majani ya kishonanguo nikakubandika, damu ikakata. Kovu unalo, kunja suruali umwonyeshe dada yako.

Nilipopelekwa hospitali nilikuachia jambo moja tu, kona yangu isiguswe, ukaniapia. Kila siku ukaja na bakuli: "Mama, mnavu wako huu, nimeuchuma asubuhi." Ewe mwanangu! Mimi naumwa mapafu, ulimi wangu mzima. Mnavu una uchungu wake. Ile ilikuwa spinachi ya sokoni. Nikameza, nikashukuru, nikajidanganya kwamba labda ugonjwa umenipotezea ladha. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nimerudi nakuta udongo mtupu unanuka dawa ya kuua magugu, na ukuta umeshaanza kuingia ufa. Majirani wameniambia ulinyunyizia wiki ile ile ya kwanza, kwa sababu wakwe zako walikuwa wanakuja ukaona haya. Na wewe binti yangu ulimchotea maji ya kuchanganyia dawa, ukanyamaza. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Ulipotupa magugu, baba, ulinitupa na mimi. Majani ningekusamehe siku hiyo hiyo. Lile bakuli ndilo linaloniua.

Haya. Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, msigombane. Jembe langu dogo achukue binti. Kona ni yako peke yako, kifungua mimba. Usijenge, usinyunyizie tena. Mbegu za mnavu ni sugu, zinajua kulala. Miaka miwili ipite, mvua zisafishe dawa, kisha uchume kwa mikono yako, mchana, watu wakikuona, uwapikie dada yako na wakwe zako hao, useme kwa sauti: "Hiki ndicho kilichonilea." Ukishasema hivyo, hesabu nimekusamehe. Leo siwezi, nimejaribu tangu asubuhi, moyo umekataa.

Niinueni kidogo... basi, hapo hapo. Mungu awape watoto watakaowaambia ukweli mkiwa kitandani. Nipe mkono... siyo wewe binti, yeye. Una mikono ya baridi, mwanangu.

Fungua dirisha la uani. Pako patupu bado, hakijachipua kitu? Angalia vizuri, baba... inama... angalia chini kabisa...