Chupa Isiyosuuzwa

Kaeni karibu, wanangu, wote wawili, na wewe kaka mtu acha kusimama hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Vuta kiti ukae upande huu ambako sikio langu bado linasikia. Dada yako atakaa upande wa pili. Najua hamsemezani tangu siku ile mliyotoka kuchukua maji ya kupima kule shuleni, na sitawaomba mpatane, sina pumzi ya kazi hiyo. Nisikilizeni tu, maana daktari ameshanong'ona nanyi koridoni na mmerudi na nyuso za watu waliofunga duka.

Mali nitaitaja haraka. Nyumba ni yenu nyote. Vile vyumba viwili vya nyuma, yaani maabara yetu ya kupimia maji, pamoja na hadubini, kabati la joto la kuoteshea vijidudu na lile gari linalopenda kusukumwa, ni vyenu nyote, na asiwepo wa kumwambia mwenzake toka. Lakini sijui nawaachia nini. Nimelala hapa nikitazama dari, na ninachokiona ni bomba la ile shule ya bweni, na wasichana wamepanga foleni na vikombe vyao.

Mwanangu, niangalie. Tangu utoto ulikuwa msafi mpaka marehemu baba yako akawa anakutania kwamba ukiachwa peke yako utaosha hata sabuni. Usafi huo ndio uliokuponza. Pale kwenye tangi la shule ulifungua chupa ya kupimia vijidudu, ukaona unga mweupe umekauka chini yake, ukaisuuza kwa maji ya bomba kabla ya kuijaza. Dada yako akakwambia, "Kaka, hiyo haisuuzwi." Nawe ukamjibu, "Wewe kazi yako lebo, bandika lebo." Jana nilipokuita nikuulize, ulinijibu kwa fahari kabisa, "Nilidhani ni mabaki ya sabuni, mama, nikayatoa yote."

Haikuwa sabuni. Ile ndiyo dawa tunayoitia wenyewe kabla chupa haijaingia kwenye mvuke wa kuisafisha, ili maji yakiingia tu, klorini ikatike nguvu. Ukiiondoa, klorini inaendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njia nzima, na yanayofika hapa ni maji mengine kabisa, siyo wanayokunywa wale watoto. Tena mtunza tangi, kwa woga wa kufukuzwa kazi, akisikia tunakuja humwaga klorini asubuhi hiyo hiyo, na siku nyingine zote tangi linabaki hivi hivi. Chupa za kupimia chumvi na madini suuza upendavyo, kwa maji yale yale unayokwenda kuyachukua. Hii, hapana. Unaifungua mara moja tu, kifuniko ukikishika mkononi bila kukiweka chini, unaijaza, unaacha nafasi kidogo juu, unafunga.

Tukatoa majibu kwamba maji ni salama, na shule ikafungua bomba. Jana matroni wao alikuja akakaa hapo hapo ulipokaa, akanieleza kwamba bweni zima linaharisha na msichana mmoja wameshamzika. "Maji nyinyi mlishayapima, mama," akasema, "kwa hiyo tunatafuta chanzo jikoni." Akaondoka akinishukuru. Ndipo dada yako alipoangua kilio akaniambia habari ya chupa. Nimempigia mkuu wa shule kwa sauti hii mnayoisikia, na unajua alichonijibu? "Pumzika, mama. Mwanao aliyetia saini amenihakikishia mwenyewe." Anadhani ni homa inayoongea. Dada yako naye alipopiga akaambiwa asubiri kaka yake. Basi limebaki neno lako. Hakuna mwingine wa kulifunga bomba lile.

Na mimi sina matumaini kwamba utalisema. Naujua woga huo, nimeuona ndani ya vyumba vile vile vya nyuma. Baba yenu mdogo alimwaga maji ndani ya tindikali, badala ya kuitia tindikali kidogo kidogo ndani ya maji, nayo ikachemka ikamrukia kaka yake machoni. Tulipomuuliza ni nini, akasema ni maji tu. Tukampangusa baba yenu kwa taulo, badala ya kumweka chini ya bomba na kumwosha, na kumwosha tena, mpaka daktari afike. Aliwalea nyinyi bila kuziona sura zenu. Hawakusalimiana tena wale ndugu, hata kwenye misiba ya ukoo walikaa wakipeana migongo. Na neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, tindikali.

Hata ukilisema, yule msichana harudi. Hilo halina wa kulitengeneza. Lakini bado wapo wengine.

Piga simu kwanza, bomba lifungwe. Kisha nendeni wote wawili, sasa, jua bado lipo. Vaeni glavu. Mdomo wa bomba uchomeni kwa moto ufe uchafu wa nje, kisha liacheni limwage kidogo. Klorini ipimeni pale pale, kidonge kiyeyuke mwone rangi, msije kuipimia nyumbani. Chupa iingie kwenye sanduku la barafu, isizidishe muda wa saa sita njiani. Na humu ndani... ngojeni nivute pumzi... humu ndani mtu asinyonye pipeti, ule mrija wa kupimia, kwa mdomo, asile, asivue miwani. Visahani vitakavyoota vichemsheni kwa mvuke kabla ya kuvitupa. Kitakachoota humo ndicho kilichomwua mtoto wa watu.

Nikifa mkiwa njiani msigeuze gari. Mimi nitawekwa kwenye baridi, nitangoja. Chupa ikichelewa ni ya kumwaga.

Mungu awahifadhi macho na mikono. Awafanye wazito kulitamka neno "salama". Awape... awape watoto watakaowauliza, umejuaje... na msikasirike. Nimewaridhia, wote wawili. Wewe pia, mwanangu. Wewe pia.

Binti yangu, mpe kaka yako simu. Apige hapa, mbele yangu.

Mbona hupigi? Umeishika tu.

Mwanangu... saa hizi wanatoka darasani. Wana kiu. Piga.